Ukongwe wa Kununuliwa: Pembe za Maniema na Magitaa Yachakazwayo

Katika njia ile ndefu iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika na kuikata nchi ya Maniema hadi Nyangwe penye mto Lualaba, Kabambare ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya waungwana, na ndipo David Livingstone alipofika Septemba 1869, akapaita Bambarre katika shajara zake, na ndipo vidonda vya miguu vilipomlaza kwa muda mrefu wa mwaka uliofuata, hata akapata kuondoka Februari 1871. Habari iliyowavuta wafanyabiashara wa pwani wakati ule ilikuwa moja: kwamba katika nchi hii pembe za ndovu zilikuwa nyingi kupita kiasi, hata wenyeji, kama walivyoandika wasafiri, walizisimika majumbani mwao mahali pa nguzo za miti, na nyingine waliziacha mwituni pale pale ndovu alipoangukia. Lakini pembe iliyolala mwituni, ikanyeshewa na kupigwa jua miaka mingi, hupasuka na kukauka, na mnunuzi wa Unguja, aliyepima mali yake kwa frasila ya kadiri ya kilo 16, hakuipenda. Yeye alitaka pembe nzima, laini, isiyo na ufa. Basi katika mizani ya zama zile ukongwe ulikuwa aibu ya bidhaa, wala hapakuwa na mtu ambaye angelipia hata pesa moja ili kipande kipya kionekane kikuukuu.

Huko Kasongo, tangu miaka ya 1870 ilipofika kati, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, ambaye baadaye alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alikuwa amejenga dola ya biashara iliyosimama juu ya pembe na, hatuna budi kukiri, juu ya migongo ya watumwa walioibeba. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Dhanis yalipouteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, tabibu wa Kiingereza aitwaye Hinde aliandika kwa mshangao juu ya bustani za michungwa, ghala zilizojaa mpunga, na vitanda vya nakshi vyenye magodoro ya hariri ambavyo hata askari wa kawaida walivilalia. Na Januari 1894 Kabambare nayo, iliyokuwa kimbilio la Rumaliza, mfanyabiashara mwenzake Tippu Tip, ikaanguka. Mabwana wakabadilika, pembe ikaendelea kwenda zake Ulaya na Marekani, ikageuzwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi, na hata kile kipande chembamba kinachozibeba nyuzi katika shingo ya gitaa, kwa kuwa watengenezaji wa karne ya kumi na tisa, kama Martin wa Pennsylvania, waliitumia pembe katika ala zao. Kwa njia hiyo pembe ya Afrika na gitaa vilikutana zamani, kabla gitaa lenyewe halijawa ala ya kila mtaa katika Kongo.

Wakati pembe nyingi zikisafiri, chache zilibaki, na hizo ndizo zilizopata maisha mengine. Kaskazini ya Kasongo na Kabambare, katika nchi ya Pangi na kuendelea hadi Shabunda na Mwenga, Walega walikuwa na jamii yao ya Bwami, yenye daraja zinazopandwa kwa mafunzo, kwa tabia njema na kwa gharama kubwa, na wenye daraja ya juu kabisa, iitwayo kindi, ndio waliomiliki sanamu ndogo na vinyago vya pembe. Mchongaji alipomaliza kazi yake alikisugua kipande kwa majani makavu yenye ukali wa msasa, kikatoka cheupe kama maziwa; wala hakukitia rangi ya uzee. Rangi ilikuja baadaye, kwa sababu kila kilipotolewa katika mkoba wake kwa ajili ya mafunzo kilipakwa mafuta ya mbarika, pengine na unga mwekundu wa mti, kikashikwa kwa mikono yenye jasho, kikarudishwa. Ukikiangalia kimoja cha namna hiyo kwa karibu, utaona macho yaliyokuwa duara lenye nukta katikati yamebaki kivuli cha duara, pua imelainika hata inakaribia kulingana na mashavu, na weupe umekuwa kahawia yenye wekundu, iliyokolea zaidi mahali vidole vinapopenda kushika.

Mwenye kipande alipofariki, kiliwekwa juu ya kaburi lake kwa muda, kisha kikahifadhiwa mpaka apatikane mrithi anayestahiki. Kwa hiyo mng'ao ule ulikuwa hati ya urithi iliyoandikwa bila kalamu, ikieleza kwamba watu wa heshima, mmoja baada ya mwingine, walikikabidhi kipande na hawakuipoteza amana. Na ikitokea kimeungua au kupotea, jamii haikuona taabu kuweka kingine mahali pake, hata kama ni kipya na hata kama hakikufanana sana na cha kwanza, maana lililotakiwa ni kwamba kifanye kazi ya kile kilichotangulia, wala hakuna aliyelazimika kukilainisha pua ili kisingizie umri.

Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji iliipiga Bwami marufuku, ikiiona kuwa ni hatari kwa amani, na tangu hapo, kama ilivyokuwa imeanza hata kabla, vipande vingi vikatoka mikononi mwa wenyewe vikaingia mikononi mwa watawala, wamisionari na wafanyabiashara, na leo hukaa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko. Hapo ndipo mizani ilipogeuka juu chini: mnunuzi wa Ulaya, tofauti na yule wa Unguja aliyeikataa pembe yenye ufa, sasa akaitafuta kahawia na pua iliyolainika, na akawa tayari kuzilipia zaidi kuliko ufundi wa mchongaji. Soko likisema linataka uzee, watokea mafundi wa kuufua. Pembe mpya ikachovywa katika chai au katika dawa ya pamanganeti, ikafukiwa ardhini, ikatundikwa juu ya moshi wa jiko, kinyago cha mti kikaachiwa mchwa wakitafune kidogo, na kazi ya vizazi vitatu ikamalizika katika majuma machache.

Haya yafanana na yale ambayo kampuni ya Fender ya Marekani iliyaleta sokoni mwaka 1995, ilipoanza kuuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi. Vanishi hukwanguliwa mahali ambapo mkono wa mpigaji hupita, vyuma hupakwa tindikali vikaota kutu, ubao hugongwagongwa, plastiki nyeupe hutiwa umanjano, kisha gitaa hilo huuzwa kwa bei ya juu kuliko ndugu yake aliyetoka kiwandani akimeremeta. Watetezi wake wana hoja zisizodharaulika: kwamba shingo iliyokwanguliwa vanishi nzito huteleza vizuri mkononi; kwamba mwanamuziki hachelei kulipeleka jukwaani gitaa ambalo tayari lina makovu; na zaidi ya yote, kwamba hapana hadaa, maana muuzaji hutangaza wazi kuwa ni jipya. Hata hivyo anayelinunua anakitamani kitu kama kile alicho nacho mwimbaji wa Marekani Willie Nelson, ambaye gitaa lake liitwalo Trigger, alilolipata mwaka 1969, limetobolewa ubao wa mbele na upigaji wake mwenyewe. Naye tundu lile hakulinunua.

Kwetu Kongo ya mashariki jambo hili lina kichekesho chake. Tangu Hugh Tracey, mnasaji wa muziki wa Afrika, aliponasa sauti ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville mwaka 1952, wimbo wake wa Masanga na nyinginezo za Kiswahili zikaenea Afrika ya mashariki, vijana wengi walijifunza kwa magitaa waliyojiundia kwa mbao za masanduku na nyuzi za breki za baiskeli. Gitaa kama hilo limejaa viraka na mikwaruzo, lakini mwenyewe akipata uwezo atalibadilisha kwa jipya kesho asubuhi, na ukimwambia kwamba ng'ambo kuna watu wanaolipa zaidi ili jipya likwaruzwe, atadhani unamfanyia mzaha.

Waislamu wa Kasongo, ambao dini yao ilifika kwa njia ile ile iliyopita Kabambare, wanaijua habari ya Mtume kuingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umaji chini ya ukavu, akamlaumu mwenye mali kwa kuficha kilicho chini. Muuza nafaka alificha ila, ilhali mchakaza gitaa anaionyesha ila, tena anaitengeneza; basi mtu aweza kusema kwamba hukumu moja haiwahusu wote wawili. Mimi naona inawahusu, si siku ya kuuzwa mara ya kwanza, bali siku ya kuuzwa mara ya tatu na ya nne. Fundi husema kweli kwa mnunuzi wake, na mnunuzi husema nusu ya kweli kwa rafiki yake. Lakini maneno hupotea na kovu hubaki, na kovu likibaki peke yake hushuhudia maisha ambayo hakuna aliyeyaishi. Ndivyo pembe za chai na moshi zinavyoweza kupita mikono hadi zikafika kwa watu waliozitukuza kwa nia safi, huku zile za kweli zikitiliwa shaka kwa sababu ya hizo za bandia. Na dhuluma iliyo kubwa zaidi humwangukia marehemu ambaye mkono wake ndio uliolainisha kitu, akawa sasa hana cha kumtofautisha na chupa ya dawa.

Insafu ni kuifuata kaida ya Bwami: kitu kipya kitoke kikiwa kipya, kipewe kazi, kipakwe mafuta yake, na uzee uje kwa zamu yake. Na yule asiyeweza kujizuia kuchakaza, basi auchome mwaka wa kazi yake kwa chuma cha moto ndani ya mti, mahali ambapo msasa haufiki, ili mnunuzi wa nne naye apate kuusoma.