Kaubao Kadogo, Swali Kubwa: Ziwa Ni la Nani?

Juzi usiku, badala ya kulala, nilijipata naangalia video ya wazee wawili wa Michigan, Marekani, wakibishana kuhusu ubao. Si ubao wa darasani. Ubao wa kuvulia samaki, urefu wake kama kutoka kiwiko chako hadi vidole, rangi ya chungwa, na kibendera juu. Mmoja anasema, "Wako ni mdogo, utazama." Mwingine anajibu, "Wangu uko sawa, ni wewe unaendesha boti vibaya." Nikacheka. Halafu nikaanza kusoma, na usingizi ukaisha kabisa. Kumbe kale kaubao kamebeba historia nzito.

Kwanza, kanafanya nini? Boti inatembea polepole huku ikiburuta mishipi yenye chambo. Ukiiburuta yote nyuma, itasokotana, na samaki watashtuliwa na boti kabla chambo hakijawafikia. Kwa hivyo unafunga mshipi kwenye ubao, na maji yanausukuma ubao pembeni, kama upepo unavyosukuma tiara. Sasa mishipi yako imetawanyika kushoto na kulia, mbali na kelele za injini.

Akili hiyo si ya juzi. Visiwani Uingereza na Ireland watu walitumia ubao kama huo zamani, tena bila boti: unatembea ukingoni na kamba mkononi, ubao unapeleka ndoana katikati ya ziwa. Ulikuwa rahisi kutengeneza na ulileta chakula nyumbani. Lakini samoni na trauti wa kule walikuwa na wenyewe, na wenye maji waliuona ubao huo kama kifaa cha mwizi. Sheria ya uvuvi ya England na Wales ya 1975 bado inaupiga marufuku, na imeandikwa kwa upana: ubao, kijiti, hata kijiboti chochote cha kupeleka chambo mbali. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa twende Michigan. Ziwa Michigan lina ukubwa wa karibu kilomita mraba 58,000 na kina cha mita 281 mahali palipo na kina zaidi. Ziwa Victoria letu ni pana kuliko hilo, lakini kina chake ni kama mita 80 tu. Samaki mkubwa wa asili wa Michigan alikuwa trauti wa ziwani. Halafu binadamu akachimba mfereji wa Welland, uliofunguliwa 1829, ili meli zipite kando ya maporomoko ya Niagara. Meli zikapita, na wageni nao wakapita. Lamprei, samaki kama mkunga anayenyonya damu ya wenzake, alifika Ziwa Michigan miaka ya 1930. Kwa sababu yake, na kwa sababu ya kuvua kupita kiasi, kufikia miaka ya 1950 trauti walikuwa wamekwisha humo.

Bila mnyama wa kuwala, heringi wadogo kutoka Atlantiki wakajaa ziwa zima. Mwaka wa 1967 walikufa kwa wingi hadi fukwe za Chicago zikanuka.

Hapo ndipo anaingia jamaa anaitwa Howard Tanner, mkuu wa idara ya samaki ya jimbo la Michigan. Alipata mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, na 1966 vifaranga wakaachiliwa mitoni. Alitaka wale wale heringi, ndiyo, lakini alitaka pia watu waje kuvua kwa raha na waache pesa. Ilifanya kazi kupita kiasi. Septemba 1967 umati ulimiminika, wengine na viboti vya kuvulia kwenye madimbwi. Tarehe 23 dhoruba ikaja. Watu 7 wakafa.

Kutoka hapo biashara ya vifaa ikachangamka. Na miaka ya mwisho ya 1980 wageni wengine wakafika: kome wadogo wenye milia, kisha binamu zao kwaga. Hawa huchuja maji siku nzima, mpaka ziwa likawa angavu ajabu. Mbao zilishakuwepo kabla yao, lakini kwenye maji meupe samaki anakuona vizuri, na mara nyingi yuko chini sana. Kwa hivyo unataka mambo mawili kwa pamoja: chambo kiende mbali na boti, na kishuke. Ndiyo maana ya mishipi mizito. Kuna yenye risasi ndani, inayobadilika rangi kila mita 9 hivi, na kwa mwendo wa polepole kila rangi hukushusha takriban mita moja na nusu. Kuna ya waya wa shaba, inayozama zaidi kwa urefu uleule.

Sasa unaelewa wale wazee walikuwa wanabishania nini. Mshipi mzito unauvuta ubao nyuma na chini. Ubao mdogo utafaa kwa rangi mbili tatu. Ukitoa rangi 10, au mita 90 za shaba, unahitaji ubao mkubwa unaoelea vizuri, la sivyo unarudi nyuma ya boti na kazi yote ni bure. Mawimbi yakiwa makali, ongeza ukubwa tena. Wengine hutumia mbao mbili kubwa zilizofungwa kwa kamba nene kwenye mlingoti, na mishipi inaning'inia kwa vibanio vinavyoachia samaki akiuma. Zina nguvu, ila zinataka boti kubwa. Na boti kubwa inataka pesa.

Hapo sasa. Wakati ziwa linageuzwa uwanja wa michezo, jimbo lilikuwa linabana wavuvi wa nyavu, wakiwemo Waodawa na Waojibwe, waliokuwa wakivua humo kabla Michigan haijawa jimbo. Mikononi mwao walikuwa na mkataba wa 1836. Walienda mahakamani, na 1979 Jaji Noel Fox akaamua kwamba haki yao ya kuvua ilikuwa bado hai. Wengi waliwachukia kwa hilo.

Sasa linganisha. Uingereza ubao ulikuwa kifaa cha maskini, ukaharamishwa. Michigan ubao ni kifaa cha mtu wa wikendi, ni halali kabisa, na aliyebanwa ni mwenye wavu. Maoni yangu ni haya: kifaa hakina dhambi. Sheria haiangalii ubao tu, inaangalia pia mkono ulioushika.

Na usidhani ni stori ya Wazungu peke yao. Mbuta hakuzaliwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akalipuka miaka ya 1980, mamia ya aina za fulu zikapungua au kutoweka. Viwanda vya minofu vikaja na pesa zikaja. Aliyekuwa anakula fulu hakuulizwa.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia kifaa fulani cha uvuvi kimepigwa marufuku, usiseme tu "wavuvi ni wakaidi." Huenda marufuku ni ya haki, samaki wachanga wanahitaji kukua. Lakini uliza pia ni nani amebaki majini baada ya sheria kupita.

Wewe una mtu wa kwenu anayevua? Muulize ni kifaa gani alinyang'anywa, na nani alikaa kwenye kikao kilichoamua. Kisha uniambie hapa chini.