Ugomvi wa asilimia tano: mafuta ya Turkana na akiba ambayo hatukuiweka

Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliondoka Kenya. Mali zake zote za mafuta nchini ziliuzwa kwa Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120. Hapa Chepseon, Kericho, ambako mazungumzo ya pesa huanzia kwenye bonasi ya chai, Lokichar, yaliko mafuta hayo ya Turkana, inaonekana mbali. Lakini malori yaliyobeba mafuta ya kwanza yalishuka kwa barabara ya Eldoret na Nakuru, yakapita Mau Summit, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Na kisheria, fungu kubwa la mapato ya mafuta hayo ni la taifa zima, Kericho na Bomet zikiwemo.

Utafutaji wa mafuta nchini ulianza miaka ya 1950. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Kabla hata ya pipa moja kuuzwa, watu wakaanza kugombania mgao.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha mswada wa petroli ulioipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali, na jamii inayoishi penye visima asilimia 10. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Alitaka jamii ipewe 5. Gavana wa Turkana, Josphat Nanok, akasimama kidete: ardhi ni ya malisho ya Waturkana, na kaunti yao ni miongoni mwa zilizosahaulika zaidi tangu uhuru. Mwaka 2017, wa uchaguzi, rais na gavana walirushiana maneno makali hadharani. Mwafaka ulipatikana Mei 2018: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii 5. Juni 3 Uhuru akaenda Turkana kuyapungia bendera malori ya kwanza ya kuelekea Mombasa.

Mwezi haukuisha. Wakazi walifunga barabara na malori yakasimama. Walidai ulinzi dhidi ya majambazi, ajira na zabuni. Safari zilirejea Agosti, baada ya serikali kuketi nao. Nawaunga mkono wakazi wale: anayelala kwa hofu ya risasi hawezi kuambiwa asubiri mgao wa miaka ijayo.

Kinachouma ni kwamba katika vita hivyo vyote, walioulizia asilimia 75 walikuwa wachache mno. Ingewekwa wapi? Nani angeizuia isimezwe na matumizi ya mwaka mmoja? Sheria ya Petroli ilitiwa saini Machi 2019. Mwaka huohuo ikatolewa rasimu ya hazina ya akiba ya taifa, yenye fungu la kukinga bajeti bei zinapoporomoka, fungu la miundombinu, na fungu la vizazi vijavyo lililoitwa Urithi. Rasimu hiyo haikufikia kuwa sheria. Uganda na Tanzania zilikuwa zimetunga sheria za hazina kama hizo mwaka 2015. Norway iliunda yake mwaka 1990.

Mchuma chai anajua kwamba kichaka alichokichuma leo kitachipua tena. Kisima hakichipui. Ndiyo maana pesa ya mafuta haifai kutumiwa kama ushuru wa kawaida.

Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa takriban 200,000, yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Usafirishaji kwa malori ulikoma 2020. TotalEnergies na Africa Oil, washirika wa Tullow katika mradi huo, zilijitoa 2023.

Sasa mwenye visima ni mwingine, na swali la 75 ni lilelile. Wabunge wetu wanaposimama kwenye mikutano ya Chepseon, Londiani na Sotik, tuwaulize msimamo wao juu ya akiba hiyo, na tuwatake watujibu kabla mafuta hayajaanza kuuzwa tena.