Jenereta ya nyumbani: jikinge na moshi wake, usiizidishie mzigo

Umeme ukikatika, hasa msimu wa mvua, nyumba nyingi, saluni na vibanda vya kuonyeshea mpira mkoani Singida huwasha jenereta ndogo ya petroli. Hutumika pia kwenye misiba, harusi na kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Jenereta ni msaada mkubwa, lakini inaweza kuua kwa moshi wake, kwa shoti au kwa moto. Hatari zote tatu zinazuilika.

Kwa nini moshi wa jenereta unaua?

Petroli inapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo hata usiposikia harufu ya moshi, gesi inaweza kuwepo. Ukiivuta huingia kwenye damu na kushika himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Matokeo yake, ubongo na moyo vinakosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua. Aliyelala anaweza kufariki bila kuamka. Watoto, wajawazito, wazee na wenye ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu huathirika zaidi.

Dalili ni zipi?

- Kichwa kuuma na kizunguzungu
- Kichefuchefu na kutapika
- Mwili kukosa nguvu
- Kupumua kwa shida, kifua kuuma
- Kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu au degedege

Dalili za mwanzo zinafanana sana na malaria, na hapo ndipo wengi wanapokosea: mgonjwa anapewa dawa za maumivu, kisha anarudishwa kulala kwenye chumba kilekile chenye gesi. Shuku moshi endapo watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Kuku au mbuzi waliolala karibu wakidhoofu nao, hiyo pia ni ishara.

Ufanye nini ukishuku sumu ya moshi?

1. Mtoe kila mtu nje kwenye hewa safi, hata anayesema yuko sawa.
2. Zima jenereta kama unaweza kuifikia bila kuvuta moshi.
3. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Asiyepumua, anza kumsaidia kupumua na kumkandamiza kifua kama unajua namna ya kufanya.
4. Mpeleke haraka kwenye kituo chenye oksijeni. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Hayaondoi gesi kwenye damu.
5. Mweleze mhudumu kwamba jenereta ilikuwa inawaka. Hili ni muhimu, kwa sababu kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini.

Katika hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni ya kituoni, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi.

Jenereta ikae wapi?

Iweke nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha. Usiiweke sebuleni, stoo, jikoni, barazani wala kwenye kibanda kilichofungwa. Kufungua dirisha hakutoshi. Wengi huiingiza ndani usiku kwa kuogopa wezi au mvua. Badala yake, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo na uijengee paa dogo lililo wazi pande zote.

Usishushe kamwe jenereta au pampu ya petroli ndani ya kisima au shimo la mgodi. Mtu akianguka humo, usimfuate bila vifaa vya uokoaji. Waokoaji wengi hufia hapohapo. Piga simu Zimamoto, namba 114.

Jenereta yako inabeba mzigo kiasi gani?

Soma kibati chake. Kikionyesha namba mbili, tumia ile ndogo. Kubwa ni ya muda mfupi tu. Kama kimeandikwa kVA peke yake, zidisha kwa 0.8 upate kilowati. Jenereta ya 2.5 kVA hutoa takribani wati 2,000. Usiitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo huo, yaani wati 1,600.

Sasa jumlisha wati za vifaa vyako. Mfano:

- Balbu 6 za wati 9: 54
- Televisheni: 60
- Simu 5 zinazochajiwa: 50
- Friji: 150

Jumla ni wati 314. Lakini friji, pampu na vifaa vingine vyenye mota huvuta umeme mwingi zaidi vinapoanza. Friji hiyo inaweza kufika wati 600 kwa muda mfupi, hivyo jumla inakuwa 764. Bado uko salama. Ukiongeza pasi ya wati 1,200, jumla inafika 1,964 friji inapoanza: umepita mpaka. Chomoa friji, piga pasi, kisha irudishe.

Taa zikififia, jenereta ikinguruma kwa shida au waya ukipata joto, punguza mzigo mara moja. Mzigo mkubwa huyeyusha waya na kuwasha moto.

Waya na petroli

- Usiunganishe jenereta kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Umeme unaweza kurudi hadi kwenye transfoma na kupanda kufikia maelfu ya volti, ukamuua fundi wa TANESCO au jirani. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia.
- Tumia ekstensheni nene isiyochubuka, na uikunjue yote.
- Usiguse jenereta ukiwa umelowa au umesimama kwenye maji.
- Zima na usubiri ipoe angalau dakika 15 kabla ya kuongeza petroli. Usimulike kwa koroboi wala kiberiti, na usivute sigara.
- Hifadhi petroli kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya nyumba, mbali na moto na watoto.

Kabla ya kulala

Zima jenereta. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 4, na simu zinaweza kungoja asubuhi. Hakuna kifaa cha nyumbani kinachostahili kuachiwa jenereta usiku kucha karibu na watu waliolala.