Mwanafunzi wa Kilwa aliyerudi

Wadau, kila mshikaji akipata nafasi ya kwenda kusoma nje, swali mtaani ni lile lile: "Atarudi kweli huyo?" Mimi humkumbuka kijana mmoja wa Kilwa Kisiwani.

Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba al-Hasan bin Sulaiman alisafiri akiwa na miaka 14. Akakaa Aden miaka 2 akisoma elimu ya dini, kisha akaenda kuhiji Makka. Huku nyuma baba yao alifariki, na ndugu yake, Daud, akakalia kiti kwa niaba yake. Al-Hasan aliporudi, akakabidhiwa.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta ndiye sultani, akamsifu sana kwa ukarimu. Jumba la Husuni Kubwa linahusishwa naye, na sarafu yenye jina lake imepatikana hadi Zimbabwe Kuu.

Sifa zote tunampa msafiri. Mimi namvulia kofia na Daud, aliyekitunza kiti na kukirudisha. Vijana wetu wa Kilwa na Lindi tunawaaga kwa dua na pilau, lakini nani anawatunzia nafasi? Kabla ya kuuliza kama watarudi, tujiulize wanarudi kwenye nini.

Nawakilisha.