Jinsi ya kujua iwapo ekstensheni imelemewa na umeme

NYAYA za umeme zinapopata joto na plagi kuanza kunuka, wengi hudhani kifaa kimeharibika. Mara nyingi tatizo ni kwamba waya umebebeshwa mzigo kupita uwezo wake, na jambo hilo lingegunduliwa mapema kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Kuna mambo manne ya kuzingatia. Volteji ni msukumo wa umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita katika waya kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni kizuizi ambacho waya au kifaa huuwekea mkondo huo. Kipimo chake ni ohm. Nguvu ni kasi ambayo kifaa hutumia umeme, nayo hupimwa kwa wati.

Mwaka wa 1827, mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, ukigawanya volteji kwa mkondo utapata ukinzani. Nayo nguvu hupatikana kwa kuzidisha volteji kwa mkondo.

Tuchukue mfano wa birika la umeme. Humu nchini, umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Iwapo birika linavuta ampea 10, basi ukinzani wake ni 240 kugawanya kwa 10, yaani ohm 24. Nguvu yake ni 240 mara 10, yaani wati 2,400.

Pasi ya wati 1,200 nayo huvuta ampea 5, kwa kuwa 1,200 kugawanya kwa 240 ni 5. Ukinzani wake ni ohm 48.

Vifaa hivyo viwili vikichomekwa katika ekstensheni moja, mkondo hufika ampea 15. Hata hivyo, plagi ya kawaida ya miguu mitatu imeundwa kubeba ampea 13 pekee, sawa na wati 3,120.

Hatari zaidi imo ndani ya waya wenyewe. Joto linalozalishwa humo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani wa waya. Tuseme ekstensheni ndefu ina ukinzani wa ohm 0.4. Birika likiwa peke yake, waya hutoa joto la wati 40. Pasi ikiongezwa, joto hupanda hadi wati 90, zaidi ya maradufu, ingawa mkondo umeongezeka kwa nusu tu. Ikiwa waya umekunjwa au umefunikwa kwa zulia, joto hilo hukosa pa kutokea.

Isitoshe, fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo mzigo unapozidi kidogo. Wanaoiondoa na kuweka kipande cha waya hujinyima hata kinga hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kuchomeka kifaa kingine, soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, uzijumlishe, kisha ugawanye kwa 240. Jibu likizidi ampea 13, au kiwango cha chini zaidi kilichoandikwa kwenye ekstensheni, chomoa kimoja na usubiri zamu yake.