Kujaza risasi kwa mkono

Kujaza risasi kwa mkono ni kutengeneza risasi mwenyewe badala ya kununua zilizofungwa kiwandani. Mpiga shabaha hukusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kulipuliwa, huyabana katika kalibu yarudie kipimo chake, hupachika fataki mpya kitakoni, hupima baruti kwa mizani, kisha hukaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda.

Rivolva zenye mtutu mpana zinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa maganda hubaki ndani ya silinda mpaka mpigaji ayatoe, hayarukii nyasini. Risasi ya .44 Magnum, yenye kipenyo cha takriban milimita 10.9, ilizaliwa mikononi mwa wajazaji: Mmarekani Elmer Keith alijaza na kujaribu risasi nzito za .44 Special kwa miaka mingi kabla viwanda havijaitoa katikati ya miaka ya 1950. Lakini kwa mlenga shabaha raha iko upande wa pili, katika kupunguza baruti. Teke la bastola likilegea, mkono hauogopi, na matundu kwenye karatasi huanza kukaribiana. Anayejaza hivyo huifahamu silaha yake kuliko mnunuzi yeyote. Hatari nayo ni kubwa. Ganda pana humeza vipimo viwili vya baruti bila kujaa, na kosa hilo hupasua silinda. Kichwa kisichokazwa vizuri nacho huvutwa mbele na teke la risasi zilizotangulia, kikachomoza na kuizuia silinda kuzunguka.

Morogoro kazi hii ina asili ndefu, ingawa si kwa rivolva. Msamvu, mabasi ya Dodoma na ya Iringa yanapoachana, ni sehemu ya mji uliokuwa kituo cha misafara itokayo Bagamoyo. Msafiri Stanley alipopita hapo mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo, Mzigua, ukiwa na ukuta wenye minara na matundu ya kutolea mitutu. Bunduki zilizoenea bara wakati huo zilikuwa gumegume na za fataki, na kila mwenye nayo alikuwa mjazaji: baruti kwanza, kitambaa au nyuzi za mmea, marisaa au gololi, kisha mdeki wa kushindilia. Kipimo kilikaa kichwani na kiganjani. Mlio mmoja, halafu kazi yote upya. Ndiyo maana shabaha ilithaminiwa kuliko wingi wa risasi.

Silaha hizo hazikudumu kwa mapenzi ya wenyewe tu. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ukaacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Ulaya iliamua Mwafrika abaki na mdeki wakati askari wa Ulaya walikuwa na bunduki za kujazwa nyuma. Tofauti hiyo ilionekana wazi katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Gobore, lililofuliwa na wahunzi wa vijijini mara nyingi kwa bomba la chuma, ni mrithi wa hali hiyo.

Leo Morogoro inajulikana kwa risasi za kiwandani. Shirika la Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, liliundwa mwaka 1974 baada ya ujenzi uliosaidiwa na China, na huzalisha kwa mahitaji ya jeshi. Raia hana nafasi kama hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015 inataka leseni kwa umiliki, na kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa. Hivyo meza ya mjazaji yenye mizani na kalibu, ambayo Marekani huwekwa nyumbani, hapa Tanzania haiwezi kuwekwa kwa hiari ya mtu. Gobore nalo huangukia sheria hiyo hiyo, na magobore huonekana mara kwa mara kati ya silaha zinazosalimishwa polisi wakati wa msamaha.