Zamu ya Kuanza

Mwaka juzi nilikimbia kilomita 10 kwa magongo, kwenye mbio fulani za hisani hapa Nairobi. Ukipenda sema niliruka, maana nina mguu mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto niliuacha chini ya lori pale Thika Road nikiwa na miaka 19. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi 5. Asubuhi hiyo waandalizi wakatupanga sisi wenye ulemavu nyuma ya kila mtu, nyuma hata ya akina mama waliokuja na vigari vya watoto, eti tusikanyagwe. Tukaanza dakika 40 baada ya watu wa kwanza. Barabara ilikuwa imejaa chupa za maji, na gongo likikanyaga chupa, manze, utaita majina ya mababu wote. Nilipofika mwisho nikakuta vijana wanakunja ule mkeka wa kupimia muda. Chipu bado ilikuwa imefungwa kwenye kiatu changu. Muda wangu hauko popote.

Halafu wakanipa maikrofoni. MC akasema, "Ndugu yetu huyu ametutia moyo sana leo," watu wakapiga makofi, nami nikasema asante.

Jioni hiyo nilirudia video niliyoiona mara ya kwanza nikiwa wodini: mtu wa mguu mmoja akiteremka mlima wa theluji kwa kasi ya gari la Naivasha. Mguuni ana skii moja, ule ubao mrefu wa kuteleza, na mikononi ana magongo mawili yenye vijiskii mwishoni. Anaacha alama tatu juu ya theluji. Wodini nilikuwa nimeshangaa tu, kama MC. Sasa nikawa na swali lingine: hawa walianzishwa saa ngapi, na saa yao ilihesabiwa vipi?

Kwanza, hakuna mfadhili aliyeuleta mchezo huu kama zawadi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Austria na Ujerumani zilijaa vijana waliokuwa wakiteleza tangu utotoni na sasa wamerudi bila mguu au mkono. Walitaka kurudi mlimani. Mwaustria mmoja, Sepp Zwicknagl, aliyepoteza miguu yote miwili, alijaribu kuteleza akiwa na miguu bandia. Kufikia 1948 mafunzo rasmi yalikuwa yameanza. Kule Marekani, vita vya Vietnam vilizalisha kizazi kingine cha wanafunzi wa aina hiyo, na mwaka 1970 mwalimu Hal O'Leary akaanza kufundisha watoto waliokatwa miguu katika mlima wa Winter Park, Colorado.

Michezo ya kwanza ya Paralimpiki ya majira ya baridi ikafanyika 1976, mji wa Örnsköldsvik, Uswidi. Nchi 16, wachezaji karibu 200, na waliokubaliwa walikuwa wasioona na waliokatwa viungo tu. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuwa na nafasi. Alisubiri hadi Innsbruck 1988 kushindania medali za skii, akikaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya skii.

Kati ya hizo nchi 16, moja ilikuwa Uganda. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Tofiri Kibuuka, kijana asiyeona, aliingia kwenye mbio za skii za masafa marefu wakati Idi Amin akitawala kwao. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa vijana wasioona wa Afrika Mashariki waliopanda Kilimanjaro, kwa hiyo theluji haikuwa ngeni kabisa kwake. Ndiye Mwafrika wa kwanza katika michezo hiyo ya baridi. Baadaye alichukua uraia wa Norway na kuichezea. Sisi hapa humkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyekimbia skii Nagano mwaka 1998, na ni haki yake. Lakini miaka 22 kabla yake, jirani yetu alikuwa ameshafika kwenye theluji, na wangapi kati yetu tumewahi kusikia jina lake?

Aliyenijibu swali langu hasa, hata hivyo, ni mwanamke wa mteremko, Diana Golden. Alizaliwa Marekani mwaka 1963, akapoteza mguu wa kulia kwa saratani akiwa na miaka 12. Kabla hajamaliza ujana alikuwa tayari kwenye timu ya taifa ya wanaskii wenye ulemavu. Baadaye aliyaacha hata yale magongo yenye vijiskii, akashika fimbo mbili za kawaida kama wenye miguu miwili. Na akataka kushindana nao, kwenye mbio zao.

Hapo ndipo zamu ya kuanza inapoingia. Katika skii ya mteremko watu hawaanzi pamoja. Wanashuka mmoja mmoja, wakipita kati ya nguzo, na saa ndiyo inaamua. Kila anayepita anachimba theluji kwa kingo za skii zake. Wa kwanza anakuta njia laini kama lami mpya. Anayeshuka baada ya makumi ya wenzake anakuta mfereji kwenye kila kona. Kama umewahi kupanda boda kwenye barabara ya murram baada ya mvua, malori ya mawe yakiwa yametangulia, unajua ninachosema. Mwenye miguu miwili akiyumbishwa na mfereji anahamishia uzito kwenye mguu wa pili. Wa mguu mmoja atahamishia wapi?

Walio bora huanza kwanza, na mgeni asiye na pointi huwekwa mwisho. Kwa hiyo Golden alipoingia kwenye mbio za wasio na ulemavu, alikuwa akipewa njia mbovu kuliko zote, halafu matokeo yake yanasomwa kana kwamba mlima ulikuwa mmoja. Mwaka 1985 chama cha skii cha Marekani kikabadilisha kanuni: wanaskii bora wenye ulemavu watengewe nafasi za mapema, mara tu baada ya kundi la kwanza la wanaoongoza. Kanuni hiyo ikaitwa kwa jina lake. Haikumpunguzia nguzo hata moja, wala haikumwongezea sekunde. Ilimpa theluji ambayo haijaharibiwa, basi.

Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Calgary, alishinda dhahabu katika mbio za maonyesho za wanaskii wa mguu mmoja. Mwaka huohuo kamati ya Olimpiki ya Marekani ikamtaja kuwa mwanaskii bora wa kike wa nchi nzima, mbele ya wenye miguu yote. Neno lililomchosha lilikuwa "jasiri". Alitaka aandikwe kama mwanariadha. Saratani ilirudi, akafariki 2001 akiwa na miaka 38.

Baada yake lilibaki tatizo la saa. Kwa miaka mingi medali ziligawanywa kwa madaraja mengi ya ulemavu, hivi kwamba wengine walishindana na watu wachache mno, na watazamaji hawakujua nani kamshinda nani. Kuanzia Torino 2006, madaraja yakaunganishwa kuwa makundi matatu: wanaosimama, wanaokaa, na wasioona ambao huteremka nyuma ya kiongozi wao. Ndani ya kundi, muda wa kila mtu huzidishwa kwa kiwango cha daraja lake. Tuseme kiwango chako ni 0.90: umeshuka kwa sekunde 60, unaandikiwa 54. Hesabu hizo huleta ugomvi, na kuna atakayekuambia kiwango cha jirani yake ni cha wizi. Mimi ugomvi huo naupenda. Watu hawagombanii sehemu ya mia ya sekunde ya mtu waliyekuja kumwonea huruma.

Sijawahi kugusa theluji, na sina mpango. Jamaa wangu mmoja, yeye wa mkono mmoja, ananiambia nisijifananishe na wazungu wenye lifti za mlimani wakati sisi hata ngazi za benki zinatushinda. Ni kweli. Lakini mkeka wa kupimia muda ulikuwepo siku ile, ulikuwa umelipiwa, na ulikunjwa nikiuona.

Mwezi uliopita waandalizi walinipigia. Wanaomba nizungumze tena mwaka huu, dakika 5, na kuna fulana ya bure. Nikawauliza tunaanza saa ngapi. Dada wa upande wa pili akanyamaza kidogo, akasema ataulizia. Jana akaandika: tutatangulia, dakika 20 kabla ya wengine. Nimemjibu asante sana dada, na je, hiyo saa 12 na dakika 10 mkeka utakuwa umeshawashwa?